Daftari la Bawaba Kumi na Mbili

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeambiwa niandike, haya naandika. Mimi Msabaha, seremala wa Kaole, nina miaka thelathini na moja natundika milango Bagamoyo nzima na sijawahi kuulizwa maelezo ya kazi yangu na mtu. Leo binti mmoja mkaguzi wa Zimamoto, anaitwa Maulida, umri wake sawa na mwanangu Amiri, amenikabidhi daftari la kurasa themanini.

"Shikamoo mzee. Kila siku ya kazi utaandika umefunga bawaba gani, kwenye mlango gani, kwa skrubu zipi. Na likitokea jambo, liandike. Siku ya mwisho nitalisoma, kisha litaingia kwenye faili."

Jambo la kwanza lililotokea ni yeye.

Kazi yenyewe ni milango minne ya kuzuia moto katika bweni la wasichana, shule ile ya njia ya kuja Kaole. Miwili chini, miwili juu, yote kwenye ngazi. Imeletwa kutoka kiwandani, mizito ya kuvunja kiuno, na imeletwa bila bawaba. Mwisho ni tarehe 30 Mei. Siku hiyo milango isipokuwa tayari bweni linafungwa, na kwa kuwa shule yote ni ya bweni, madarasa nayo yamefungwa.

Humo ndani yumo Dija, mtoto wa dada yangu Rukaya wa Kiwangwa. Yuko kidato cha nne. Shemeji yangu Dadi ni mtu mwema, lakini hajawahi kuficha kwamba anamtaka Dija kwenye shamba la mananasi. Akirudi kwao Juni, harudi tena darasani. Namjua Dadi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Bwana Abdullatif, msimamizi wa shule, amenunua bawaba mwenyewe. Za alumini, zinang'aa kama sahani za harusi.

"Umeziona, fundi? Hizi haziliwi na chumvi."

Nikamwambia amechagua vizuri, na nilisema kwa moyo mmoja. Sisi watu wa pwani hatuna adui mlangoni kama kutu. Bawaba ya chuma ukiifunga Kaole, mwaka wa pili inalia, wa tatu inamwaga unga mwekundu, wa nne unashika mlango mkononi. Hilo kila mtu analijua hapa, hata asiyejua kushika nyundo.

Alhamisi, 10 Aprili

Kila mtu isipokuwa binti wa Zimamoto.

Ametoa shikamoo, nimeitikia marahaba, kisha akaichukua bawaba ya alumini na kuirudisha ndani ya boksi. "Hii haifai, mzee. Moto ukipamba, alumini inayeyuka. Mlango unabaki mzima, umelala chini."

Nikamwambia moto wenyewe haujaja, kutu inakuja kila siku.

"Ndiyo maana mlango huu haukutengenezwa kwa ajili ya kila siku," akasema.

Ana tabia hiyo. Anakuheshimu kwanza, halafu anakuchapa. Nilipotoka hapo nilitembea hadi nyumbani kwa miguu ili hasira ipungue, na haikupungua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefungua sanduku la bati la marehemu baba. Ndani mna bawaba za shaba alizoziagiza zamani kwa nyumba moja ya Mji Mkongwe, zikabaki. Nzito, zimenyooka, pini zake zinazunguka kama zimepakwa samli. Zipo nane, yaani mbili kwa kila mlango. Shaba haipati kutu na haiyeyuki ovyo. Hapa hana la kusema.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Alikuwa nalo la kusema.

Alizigeuza bawaba za baba mkononi kwa adabu, nakiri, hakuzishika kama vyuma chakavu. "Nzuri sana, mzee. Lakini hazina alama. Hakuna anayejua zimejaribiwa kwenye moto au la. Na zipo mbili mbili. Milango hii inataka tatu."

Nikamweleza, polepole, maana hasira ilikuwa imenifika puani, kwamba baba yangu alitundika milango ya mvule iliyowashinda watu wanne kuinua, na bawaba mbili zilitosha. Baba alisema fundi anayeweka bawaba ya tatu ni mwoga, haamini mkono wake.

"Basi mzee, kwa milango hii minne tu, uwe mwoga."

Bi Zuwena, matroni wa bweni, alikuwa amesimama pale na ndoo. Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. Kiroboto huyu binti. Mdogo, na humwoni anapokuuma.

Ameandika anachotaka kwenye karatasi: chuma kisichoshika kutu, alama ya jaribio la moto imegongwa kwenye bamba, tatu kwa kila mlango, jumla kumi na mbili, na skrubu za chuma kwenye kila tundu, ndefu kama zilivyokuja, zisikatwe. Nimeikunja nikaitia mfukoni. Sikusema hata ahsante.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda Dar. Maduka sita ya vifaa vya ujenzi. La kwanza wananionyesha bawaba za kabati. La tatu kijana ananiambia "mzee hizi ni fire hizi, zenyewe kabisa," nikigeuza bamba halina alama yoyote. La sita, mzee mmoja wa Kihindi alisoma karatasi ya Maulida mara mbili, akaenda nyuma, akarudi na maboksi. Kumi na mbili. Alama ipo. Nimezipima kwa mkono na, niandike ukweli, ni bawaba za heshima.

Ndani ya kila boksi mna bawaba, skrubu, karatasi ya maelezo kwa Kiingereza yenye mchoro, na vipande viwili vya kitu cheusi, laini, chembamba, vya kulinda bawaba isikwaruzwe. Siku hizi hata chuma kinafungashwa kama yai.

Jumatano, 23 Aprili

Matope njiani mpaka kifundoni. Nimekata vipande vinne vya vile vyeusi nikavitia ndani ya mabuti, vinakaa vizuri sana chini ya nyayo. Vilivyobaki nilimpa mke wangu Saida awashie jiko la mkaa. Amerudi analalamika: "Baba Amiri, makaratasi yako gani haya? Hayawaki, yanavimba kama maandazi mpaka yanauziba moto." Nimecheka leo, mara ya kwanza tangu daftari hili lianze.

Alhamisi, 24 Aprili

Mlango wa kwanza, chini, upande wa jikoni. Nimesoma Bismillahi nikatia patasi kwenye fremu. Nikafuata kina kilichoandikwa kwenye mchoro, namba naijua hata bila Kiingereza. Kumbe mchoro wenyewe wa uongo. Bawaba ikazama ndani ya mbao, mlango ukagoma kufunga, unajibana upande wa bawaba. Watu wanachapisha mchoro dunia nzima na hawajui kupima.

Nikafanya afanyavyo kila seremala wa pwani hii, nilivyofundishwa na baba nikiwa na miaka kumi na miwili: nikakata boksi la bawaba, nikalaza kadibodi nyuma ya bamba, nikakaza skrubu juu yake. Mlango ukakaa mahali pake, nafasi milimita tatu pande zote. Kadibodi haionekani. Bawaba tatu, skrubu kila tundu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mlango wa pili. Kadibodi vilevile. Safi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mlango wa tatu, juu. Mvua imeingia dirishani ikalowesha randa yangu. Wasichana wanne na Bi Zuwena wamenishikia mlango nikikaza. Dija alikuwa mmoja wao, kitanda chake ni cha kwanza ukipita mlango huu.

Jumanne, 29 Aprili

Maulida amepita ghafla, koti linamwaga maji. Amepima nafasi kwa kijipimo chake mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha, huku anafungua mwavuli, akauliza:

"Na pedi umeweka, mzee?"

Sikujua pedi ni nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya Abdullatif, mbele ya Bi Zuwena, mbele ya wasichana kumi na ndoo zao. Binti huyu amenirudisha mara mbili tayari.

Nikasema, "Nimeweka."

Nitauliza baadaye ni kitu gani. Itakuwa ni zile raba za kusimamisha mlango usigonge ukuta.

Ijumaa, 2 Mei

Mlango wa nne umekaa. Nimeufungua na kuuacha: ule mkono wa chuma wa juu uliokuja nao umeuvuta taratibu, ukajifunga wenyewe, tak. Nimeufungua mara saba kwa raha tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekuta mlango wa tatu umefungwa wazi kwa khanga, pindo moja kwenye kitasa, jingine kwenye nguzo ya ngazi.

"Joto, fundi," Bi Zuwena akasema. "Tisini hawa wanapumua wapi?"

Nikamwambia mlango wa moto uliofungwa wazi ni pazia la mbao. Nikashangaa maneno yale kutoka kinywani mwangu, maana ni ya Maulida. Amefungua khanga lakini amenuna. Nimempanulia tundu za juu za madirisha, alasiri nzima, kazi ambayo sikuombwa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Mgongo.

Jumanne, 20 Mei

Maulida amekagua milango yote minne tena. Amefungua, ameachia, amesikiliza. "Mzee, mkono wako mzuri," amesema. "Tarehe 30 nitakuja kuweka sahihi. Niandalie daftari."

Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Nimemwambia Saida binti yule si mbaya, ni kazi yake tu inamfanya awe hivyo.

Alhamisi, 22 Mei

Leo nitaandika kirefu.

Nilipitia bwenini kutia tone la mafuta kwenye mkono wa mlango wa tatu. Dija alikuwa kwenye ngazi na vitabu, Bi Zuwena anachambua mchele hatua mbili chini yake. Nikitoa kitambaa mkobani ikaanguka ile karatasi ya maelezo. Dija akaiokota.

"Mjomba, nikusomee? Nijifunzie Kiingereza."

Nikasema soma. Akasoma kimoyomoyo, anasogeza kidole, kisha akawa anatafsiri kwa sauti, kwa madaha, kama mtangazaji. Bawaba tatu. Skrubu zote. Akafika pale pembeni mwa mchoro.

"Hapa wanasema, kabla ya kufunga, laza pedi nyeusi nyuma ya kila bamba, moja kwenye mlango, moja kwenye fremu. Kina cha kuchonga kimehesabiwa pamoja na pedi." Akageuza karatasi. "Eti moto ukija, chuma cha bawaba kinapata joto kabla ya mbao. Kinaunguza mbao iliyo nyuma yake, skrubu zinaachia, mlango unang'oka. Pedi ikipata joto inavimba, inaziba, inalinda mbao. Wanasema usitumie karatasi wala kadibodi."

Nilikuwa nimezivaa miguuni. Nilisimama mbele ya mtoto wa dada yangu, juu ya pedi nne, na nyingine kumi na tisa au ishirini zilivimba kama maandazi kwenye jiko la mke wangu, zikauziba moto, zikaniambia zenyewe kazi yao, na mimi nikacheka.

Mchoro haukuwa wa uongo. Mwongo ni mimi.

Dija akainua macho. "Si uliziweka, Mjomba?"

Bi Zuwena akaacha kuchambua mchele.

Nikasema, "Ehee."

Sijui kwa nini. Ya kwanza niliisema kwa kutojua. Hii niliisema najua, kwa mtoto anayelala kitanda cha kwanza. Kadibodi ishirini na nne. Nimeweka kuni nyuma ya kila bawaba ya mlango wa kuzuia moto, na nikaambiwa mkono wangu mzuri.

Ijumaa, 23 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa nilimngoja Abdullatif nje ya msikiti nikamweleza yote. Alinivuta kando.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi sikiliza, Msabaha. Yule binti ameshakubali. Moto huo umewahi kuuona hapa? Tuache. Tarehe 30 anaweka sahihi, watoto wanabaki."

Nikamwambia milango naishusha, atake asitake. Tukabishana mpaka watu wakaanza kugeuka. Mwishowe akakubali nishushe, kwa sharti moja: mkaguzi asijue. Akijua tumemdanganya mwezi mzima, atafunga siku ileile.

Nilimwona mtu wa kheri, huyu, aliyeniletea kazi. Leo nimemwona mtu mwenye hofu. Lakini na mimi nilikuwa nani tarehe 29 Aprili?

Jumamosi, 24 Mei

Dar. Yule mzee wa Kihindi anauza pedi peke yake. "Watu wengi wanazitupa," alisema bila kunitazama. Hilo lilipaswa kunifariji, halikunifariji.

Jumapili, 25 Mei

Mlango wa kwanza. Nimetoa bawaba ya chini, kadibodi imeshanyonya unyevu wa masika, imekuwa uji. Nimeikwangua kwa patasi. Nimelaza pedi. Bawaba imekaa sawasawa na uso wa mbao, hata unywele haupiti. Kina kilekile nilichokitukana.

Jumatatu, 26 Mei

Mlango wa pili. Mvua imepungua, jua la dakika kumi. Bi Zuwena ananishikia mlango na haulizi kitu. Hilo ndilo linalonichosha, haulizi.

Jumanne, 27 Mei

Mlango wa tatu. Dija alikuwa darasani, nashukuru.

Bi Zuwena alisema hatimaye, mlango ukiwa begani mwake: "Fundi, mimi khanga nilifungua."

Basi. Nikaelewa kwamba alikosea mbele ya watu na akasahihisha mbele ya watu.

Jumatano, 28 Mei

Mlango wa nne. Pedi ishirini na nne, bawaba kumi na mbili, skrubu mpya kila tundu. Milango yote inajifunga yenyewe. Nafasi milimita tatu. Hii ni kazi ninayoweza kuiapia.

Alhamisi, 29 Mei

Abdullatif ameniletea daftari jipya. "Andika upya. Tarehe, mlango, bawaba, pedi. Liwe safi." Halafu akasema jambo la kweli: "Milango sasa ni sawa, Msabaha. Hudanganyi milango. Unaficha maneno tu."

Nimekaa nalo tangu asubuhi kwenye benchi la kazi. Nimenakili mpaka 24 Aprili. Linapendeza. Halina kiroboto, halina maandazi, halina hasira yangu yoyote. Fundi wa humo ni hodari na mnyenyekevu, simjui.

Nilipofika "Mlango wa kwanza, pedi zimewekwa", kalamu ikasimama. Ni neno lilelile tena, la tatu sasa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Lakini wazee hao hawakuwa na mpwa kidato cha nne na shemeji mwenye shamba la mananasi. Nina uchungu wa kweli. Nikisema ukweli Dija anaweza kulala Kiwangwa wiki ijayo kwa ajili ya usafi wa moyo wangu. Nikinyamaza, fundi mwingine wa pwani hii atatupa pedi na kulaza kadibodi kesho kutwa, na binti yule ataamini jibu lake kama alivyoamini langu, kwa kuwa tumemzoesha.

Nimefunga madaftari yote mawili. Sijaamua.

Ijumaa, 30 Mei

Saa tatu asubuhi. Jua. Maulida yuko juu na tochi na bisibisi. Hakuja na bisibisi siku zile nyingine. Ameniambia nifungue bawaba moja ya kila mlango, aliyoichagua yeye. Nimefungua. Amezigusa pedi kwa kidole. Kwenye mlango wa tatu akasema, "Skrubu mpya hizi, mzee," nami nikasema ndiyo, naye hakuuliza zaidi. Abdullatif alikuwa anafuta miwani.

Amesema milango iko sawa, imebaki daftari tu. Yuko hapo anateremka ngazi. Lile safi limo mkobani, na hili naliandikia gotini.

Dija ametoka darasani, amesimama mlangoni na wenzake wawili. Nimemwita. Nimemwambia mbele yao, na mbele ya Bi Zuwena: "Siku ile uliponiuliza, nilikuwa sijaziweka. Nimeziweka juzi." Amenitazama, akatazama bawaba. Macho yake yalibaki kwenye ile bawaba, si kwangu, na hilo limeniuma kuliko kama angenilaumu.

Binti Maulida, umefika hatua ya mwisho. Daftari ni hili. Utakuta nimekuita jina baya ukurasa wa nne, na ukurasa wa sita utakuta neno moja nililokujibu. Sijachana kitu. Wewe amua la bweni, lakini hao watoto hawakukudanganya, ni mimi.

*

Ijumaa, 30 Mei, saa sita na nusu. Kwa mkono wa mkaguzi.

Nimesoma lote, nimekaa kwenye ngazi.

Milango minne, bawaba kumi na mbili, pedi ishirini na nne: sawa. Jibu la tarehe 29 Aprili: si sawa. Limesahihishwa na fundi mwenyewe. Kosa la pili ni langu: niliuliza badala ya kufungua. Kuanzia leo nafungua.

Bweni lisifungwe.

Daftari hili haliingii kwenye faili. Nimechukua lile safi likaandikwe upya kwa ukweli, fundi atasema na Dija ataandika. Hili namrudishia mwenyewe, na namwomba awasomee mafundi wenzake.

Shikamoo, mzee.

Maulida